Shemeji anataka tuongeze hela kwenye mgodi unaozama

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Reading hapa Uingereza na kazi yangu ni kutunza wazee. Mimi na mume wangu tumo kwenye kikundi cha Watanzania sita. Kila mwezi tunachanga, na fedha zikikusanyika tunakaa tunaamua ziende wapi. Mwanzoni tulikuwa tunaziweka benki tu. Baadaye shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja na wazo la kununua hisa. Yeye aliwahi kufanya kazi mgodini Kanda ya Ziwa kabla ya kuja huku, na akianza kuzungumzia miamba na gramu kwa tani sote tunanyamaza tunamsikiliza. Akatushawishi tununue hisa za kampuni ndogo ya dhahabu iliyoorodheshwa kwenye soko la AIM la London, yenye mgodi mmoja huko huko nyumbani. Tulitoa pauni 18,000, tukanunua kwa peni 6, tukapata hisa 300,000.

Leo hisa moja ni peni 1.4. Zote kwa jumla hazifiki pauni 4,500.

Sasa kampuni imetangaza kuwa inahitaji pauni milioni 5 kwa haraka na inauza hisa mpya kwa peni 1. Sisi wanahisa wadogo tumepewa siku chache za kuomba zetu. Shemeji anataka kikundi kitoe pauni 9,000 nyingine. Anasema dhahabu imepita dola 4,000 kwa wakia, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani, na kampuni ya dhahabu haiwezi kufa wakati dhahabu ina bei hiyo. Anasema pia tukinunua kwa peni 1, wastani wetu utashuka mpaka peni 2.25, kwa hiyo bei ikifika peni 3 tumesharudisha fedha zetu na faida juu. Na kubwa zaidi anasema mgodi upo, dhahabu imo ardhini, haina miguu ya kukimbilia.

Mwenzetu mmoja ambaye ni mhasibu anapinga kabisa. Anataka tuuze tuondoke na hicho kidogo kilichobaki. Mkutano uliopita uliharibika: shemeji alimwambia hajui madini, yeye akajibu kwamba shemeji hajui hesabu. Wengine wamekaa kimya, hawajui wamfuate nani.

Mume wangu yuko upande wa mdogo wake. Fungu letu kwenye hizo pauni 9,000 ni 3,000, na anataka zitoke kwenye hela za nyumba yetu ya Kigamboni. Nyumba imefika linta. Hizo ndizo hela za kupaua.

Kuna jambo sijalisema kikundini. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana zabuni ya kupeleka nyama na mboga kwenye kambi ya mgodi huo. Ananiambia hajalipwa ankara zake tangu kabla ya Ramadhani, na wenzake wa mafuta na usafiri hali yao ni hiyo hiyo. Lakini ananiambia pia malori bado yanaingia na kutoka na mtambo unanguruma usiku kucha. Hapo nimechanganyikiwa.

Akaunti ya hisa iko kwa jina la shemeji kwa kuwa yeye ndiye aliyeifungua. Hatujaandikiana chochote. Nimeambatanisha ripoti ya kampuni ya nusu mwaka na tangazo la hisa mpya. Tuongeze, tusubiri au tuuze? Na nitasemaje nyumbani bila kuonekana nawagombanisha ndugu wawili?

Mama wa Wawili, Reading

*

Marahaba, Mama wa Wawili.

Hela ya kupaua isiguswe. Na hizo hisa 300,000, kwa nilivyosoma karatasi ulizotuma, mimi ningeziuza kabla hisa mpya hazijaanza kuuzwa sokoni, isipokuwa kampuni iwajibu vizuri maswali mawili nitakayoyataja. Mumeo na shemeji watataka sababu, na wana haki ya kuzitaka, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Shemeji ninamheshimu katika hili: anachosema kuhusu mwamba kinaweza kuwa kweli kabisa. Dhahabu imo, na huenda mgodi huo utachimbwa miaka mingi ijayo. Lakini ninyi hamkununua mgodi. Mlinunua hisa ya kampuni inayomiliki mgodi, na kati yenu na ile dhahabu wamesimama watu wengine wanaolipwa kwanza. Mgodi unaweza kupona na mwenye hisa asibaki na kitu.

Mfano uko Mwadui, Shinyanga. Mgodi wa almasi wa Williamson umechimbwa tangu miaka ya 1940. Kwa miaka mingi mwenye asilimia 75 alikuwa Petra Diamonds, kampuni ya soko la London, na Serikali ya Tanzania ilikuwa na asilimia 25. Petra ilikopa sana kupanua migodi yake ya Afrika Kusini, ikawa na hati za deni za dola milioni 650 zilizotakiwa kulipwa 2022. Bei ya almasi ikashuka, kisha ikaja korona, na mwaka 2020 Mwadui ikasimamishwa. Petra haikufilisika. Ilikaa na wadai wake, na Machi 2021 wakamaliza makubaliano: sehemu ya deni igeuzwe kuwa hisa. Hesabu ilipofungwa, wadai walipata asilimia 91 ya kampuni. Wanahisa wa zamani, wote kwa pamoja, wakabaki na asilimia 9. Mwadui ilifunguliwa tena, ikapata pigo la kingo za bwawa la tope kupasuka Novemba 2022, ikarudi kazini 2023, na 2025 Petra ikauza sehemu yake kwa mnunuzi mwingine. Almasi haikukimbia popote, kama shemeji anavyosema. Waliokuwa na hisa kabla ya 2021 ndio waliobanduliwa.

Sasa tuje kwenye karatasi zenu. Mlipoingia kwa peni 6, kampuni ilikuwa na hisa milioni 400. Maana yake soko lilikuwa linaithamini kampuni nzima kwa pauni milioni 24. Tangu hapo imeuza hisa mpya mara kadhaa, leo ziko milioni 800. Ikiuza nyingine milioni 500 kwa peni 1, zitakuwa milioni 1,300. Ili hisa moja irudi peni 6, kampuni nzima itabidi ithaminiwe pauni milioni 78, zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa mlipoingia, na wakati ule ilikuwa haina deni hili ililonalo. Wengi wanaotazama mchoro wa bei hawaoni jambo hili. Wanasema "ilishafika sita, itarudi sita", kumbe ile sita ilikuwa ya kampuni nyingine, yenye vipande vichache zaidi.

Hata hiyo peni 2.25 ya shemeji ipigieni hesabu hiyo hiyo. Kwa hisa milioni 1,300 ni pauni milioni 29. Yaani ili mrudishe fedha zenu tu, bila faida, kampuni iliyochoka inatakiwa ithaminiwe kuliko ilivyokuwa siku ile mliyoipenda. Kushusha wastani ni hesabu ya kwenye daftari lenu. Kampuni haijui mlinunua kwa ngapi, wala dhahabu haijui. Swali ni kama hizi pauni 9,000 mpya, zikitazamwa peke yake, zina mahali pazuri pa kwenda. Zile 18,000 zimeshakwenda, haziwezi kutumiwa kuzivuta nyingine.

Hoja ya bei ya dhahabu ndiyo yenye mvuto kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyowanyamazisha wengine kikundini. Ni kweli Oktoba 2025 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilipita dola 4,000. Lakini bei kupanda inaweza kuiua kampuni ya dhahabu, na mfano upo hapo Geita. Mwaka 1999 mradi wa Geita ulikuwa mikononi mwa Ashanti Goldfields ya Ghana. Ashanti ilikuwa na mikataba mingi ya kuuza dhahabu ya miaka ya mbele kwa bei iliyopangwa kabla. Mwishoni mwa Septemba 1999 benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza kwamba zitapunguza kuuza dhahabu yao, na ndani ya siku chache wakia ikaruka kutoka chini ya dola 270 hadi zaidi ya 320. Kila mchimbaji wa dhahabu duniani alitakiwa afurahi. Ashanti ikaanza kudaiwa dhamana na mabenki, kwa sababu mikataba yake iligeuka hasara kubwa kwa bei hiyo mpya. Kampuni ilinusurika kwa shida, mwaka 2000 ikauza nusu ya Geita kwa AngloGold, na 2004 ikaungana nayo moja kwa moja. Geita hadi leo ni miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu nchini.

Fungua ukurasa wa 11 wa ripoti uliyonitumia, sehemu ya maelezo ya mkopo. Kampuni yenu ilipokopa ilikubali kumuuzia mkopeshaji sehemu ya dhahabu yake kwa bei isiyozidi dola 2,400 kwa wakia. Kwa hiyo kwenye wakia hizo, kinachozidi dola 2,400 katika bei mnayoiona kwenye habari si chenu, ni cha mkopeshaji. Ripoti haisemi wazi ni kiasi gani cha uzalishaji kimefungwa hivyo. Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kampuni: katika dhahabu mtakayozalisha mwaka ujao, ni wakia ngapi zimeshauzwa, na kwa bei gani? Barua pepe ya mahusiano ya wawekezaji iko mwisho wa tangazo. Mwanahisa mwenye hisa moja ana haki ya kuuliza.

Swali la pili linatoka ukurasa wa 4. Fedha taslimu zilizobaki ni pauni 600,000. Wazabuni wanadai pauni milioni 3.1. Uendeshaji unakula kama pauni 700,000 kwa mwezi zaidi ya kinachoingia. Sasa chukua hizo milioni 5, toa 300,000 za mawakala, ongeza zile 600,000, kisha lipa wazabuni. Mkononi inabaki milioni 2.2. Ni miezi mitatu, na mkopo haujaguswa. Lakini tangazo linasema fedha hizi ni za kukarabati kinu cha kusaga mawe na kuchoronga mashimo mapya. Haziwezi kufanya yote hayo. Ama wazabuni hawatalipwa, ama kinu hakitakarabatiwa, ama baada ya miezi michache mtaletewa tangazo jingine la hisa mpya, safari hiyo kwa nusu peni. Waulizeni: baada ya madeni yaliyoiva kulipwa, fedha hizi zinawafikisha mwezi gani?

Na kuna aya moja kwenye maelezo ya hesabu, imeandikwa kwa herufi zile zile ndogo kama nyingine, inayosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake endapo haitapata fedha mpya. Watu huiruka aya hiyo wakidhani ni lugha ya kisheria tu. Sivyo. Ni wakurugenzi wenyewe wanaokiri kwa maandishi. Mhasibu wenu bila shaka ameiona. Huenda shida ilikuwa namna alivyoisema.

Nirudi kwa mdogo wako, maana katika barua yote hii yeye ndiye aliyenisikitisha na yeye ndiye aliyeleta habari nzito kuliko zote. Unashangaa malori yanatembea na huku ankara hazilipwi. Hayapingani hayo. Malori yanaonyesha kwamba mgodi unafanya kazi, ankara zinaonyesha ni nani anayeugharamia. Kila ndoo ya nyama anayoipeleka kambini bila kulipwa ni mkopo anaoipa kampuni ya soko la London, bila riba, bila dhamana, bila mkataba. Mgodi wenye deni mara nyingi haupendi kusimama, kwa kuwa kusimama kunaweza kumpa mkopeshaji ruhusa ya kuingia na kuchukua mali. Kwa hiyo unaendelea kunguruma kwa jasho la wazabuni. Mwambie mdogo wako leo, kabla hujafikiria hisa zenu: aache kupeleka kwa mkopo, au apunguze mpaka kiasi anachoweza kukipoteza bila duka lake kufungwa. Aombe barua ya kampuni yenye mhuri inayothibitisha jumla ya deni lake. Kampuni ikifika mikononi mwa mfilisi, asiye na karatasi atahangaika sana, na hata mwenye karatasi anasubiri nyuma ya mkopeshaji aliyeshika dhamana ya mtambo.

Tahadhari moja hapo. Deni lake mwenyewe ni lake, na kulidai si kosa. Lakini asije akakuletea siri za ofisini ambazo kampuni haijazitangaza, mathalani kwamba mkopeshaji ameandika barua ya kudai mali, halafu wewe ukauza kwa sababu ya habari hiyo. Sheria ya Uingereza inalihesabu hilo kuwa kosa, hata kwa mwenye hisa chache. Kwa bahati ripoti mliyonayo, ambayo ni ya wazi kwa kila mtu, inatosha kabisa.

Serikali nayo ina nafasi yake kwenye foleni, na watu walioko nje huisahau. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mchimbaji anailipa Serikali, kutoka asilimia 4 hadi 6, na ukaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mrabaha unatozwa kwenye thamani ya dhahabu yenyewe, kampuni ipate faida au isipate. Sheria hiyo hiyo inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 ambazo hazififishwi: kampuni ya mgodi ikiongeza mtaji, za Serikali hazipungui, wanaopungua ni wengine. Mimi kama Mtanzania naona ni haki nchi ipate chake kwenye madini yake. Lakini anayenunua hisa kwa peni 1 ajue anakaa nyuma ya nani.

Nisije nikaonekana namwonea shemeji, niseme na upande wa pili, kwa sababu upo. Wako waliopata faida nzuri kwa kushikilia kampuni iliyokuwa inakimbiwa. Mnakumbuka makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa unapelekwa nje kuyeyushwa. African Barrick Gold iliingia soko la London Machi 2010 kwa peni 575, 2011 ikaorodheshwa na Dar es Salaam, na baadaye ikabadili jina kuwa Acacia. Machi 2017 Serikali ikazuia kusafirisha makinikia, na makontena yakazuiwa bandarini. Zikaja ripoti za kamati za uchunguzi za Profesa Mruma na Profesa Osoro, na Julai likatolewa dai la kodi la dola bilioni 190. Hisa ziliporomoka, mgodi wake wa Bulyanhulu ukapunguza kazi. Mwaka 2019 Barrick, iliyokuwa tayari na karibu asilimia 64, ikanunua zilizobaki kwa hisa 0.168 za Barrick kwa kila moja ya Acacia. Siku ofa hiyo ilipotangazwa Julai, ilikuwa na thamani ya takriban peni 230. Aliyenunua mwaka 2018 wakati watu wanakimbia alipata faida, na aliyezishika hizo za Barrick akaikuta dhahabu inapanda 2020. Aliyenunua siku ya kwanza, 2010, alipata chini ya nusu ya alichotoa. Baadaye ikaundwa Twiga, kampuni ya ubia ya Barrick na Serikali, Serikali ikiwa na asilimia 16, na migodi ikaendelea.

Shemeji akikutajia Acacia, na nina hakika ataitaja, mwulize Acacia ilikuwa na nini ambacho kampuni yenu haina. Ilikuwa na migodi mitatu, na North Mara haikuwa inategemea makinikia, iliendelea kuuza dhahabu wakati wa ugomvi. Na ilikuwa na mzazi mwenye fedha, aliyeitaka migodi hiyo kwa udi na uvumba. Shida yake ilikuwa mgogoro, na mgogoro una siku ya kumalizwa mezani. Shida ya kampuni yenu ni ukosefu wa fedha, na mzazi wa kuiokoa hayupo. Nani anayeitaka kampuni yenu? Nimelisoma tangazo lote, wakurugenzi wenyewe wanachangia pauni 20,000 tu kati ya milioni 5. Kwa watu wanaojua kila kitu kilichomo ndani ya mgodi huo, hilo limenieleza mengi.

Kwa hiyo kama majibu yakija na kuonyesha kwamba dhahabu iliyofungwa ni kidogo, na fedha zinafika mwaka mmoja bila kuuza hisa nyingine, mnaweza kubaki na mlizonazo bila kuongeza. Majibu yakiwa ya kuzunguka, au yasipokuja kabla ya tarehe ya mwisho, uzeni. Msishangae mkipata chini ya peni 1.4. Hisa ndogo za AIM zina bei ya kununulia na ya kuuzia, na kwa hizi huenda mkapewa 1.3 au pungufu.

Kabla ya kuuza, jueni akaunti hiyo ni ya aina gani. Ikiwa ni ISA, yaani akaunti isiyotozwa kodi, hasara yake haitambuliwi na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, imekwenda. Ikiwa ni akaunti ya kawaida, hasara inaweza kuandikishwa na kupunguza kodi ya faida mtakayoipata siku nyingine, jambo lenye maana sasa kwa kuwa tangu Aprili 2024 msamaha wa faida kwa mtu ni pauni 3,000 tu kwa mwaka. Na msiuze leo mkanunua tena ndani ya siku 30, hasara itavurugika kwenye hesabu.

Lakini hasara ni ya nani? Hapo ndipo pananitia wasiwasi kuliko hata bei. Fedha ni za watu sita, jina ni la mmoja. Simfikirii shemeji mabaya hata kidogo. Nafikiria akiugua, akiachana na mkewe, akidaiwa na benki, Mungu aepushe, akifariki. Siku hiyo hisa hizo zinaweza kuhesabiwa ni zake, na ninyi watano mtakuwa mnasimulia tu. Andikeni ukurasa mmoja: nani alitoa ngapi, lini, na kwamba anazishika kwa niaba ya wote kwa mafungu hayo. Wote sita wasaini, kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo inamlinda shemeji kama inavyowalinda ninyi, kwa sababu bila hiyo hasara ya watu sita itamwangukia yeye peke yake machoni pa ndugu zenu.

Nyumbani, usianze na mgodi. Anza na nyumba. Mwambie baba watoto kwamba pauni 3,000 ni mabati na mbao, mna bei za fundi mkononi, na tofali zilizoachwa wazi kwa masika mbili zinaharibika. Hilo si la kumpinga nduguye. Kisha mwombe mumeo mwenyewe, si wewe, akae na mdogo wake wafungue ukurasa wa 4 na wa 11 pamoja, wawili tu, bila kikundi. Shemeji alidhalilishwa mbele ya watu, na akirudi mbele ya watu hao hao atatetea heshima yake, si hisa. Akiwa na kaka yake anaweza kusoma kwa utulivu, na mtu aliyekaa mgodini ataelewa upesi kuliko wote maana ya kinu kisichokarabatiwa.

Mkutano wa kikundi uwe na mambo mawili, kwa mpangilio huu: kwanza karatasi ya umiliki isainiwe, halafu ndipo mpige kura ya kuuza au kubaki. Na kama kuna wanaotaka kuongeza kwa hela zao wenyewe, wafungue akaunti zao, kwa majina yao, waombe hisa zao. Kikundi kisiwazuie, na kisiwachangie.